Sanduku la Chumbani kwa Mzee ni la Hapahapa

Chumba cha Mbele,
Nyumba Yenye Spika Mlangoni.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Kutunza Mafaili Mawinguni,
Hukohuko mliko.

Kupitia: Kidirisha cha Msaada, ambacho kimenikatiza mara mbili kikidai nimezidisha maneno.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PROGRAMU YENU KUMKANA MKAZI HALALI WA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti kinachozunguka, chai iko karibu, na moyo wako umetulia. Wangu haujatulia. Nimekasirika, ila nimekasirika kwa adabu, kama utakavyoona huko mbele.

Nijitambulishe kwanza, maana sipendi mtu asome hasira ya mtu asiyemjua. Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Harusi ikisikika mtaa wa tatu, ujue ni mimi. Mtaani wananiita Profesa, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Nilipendekeza tu, watu wakakubali. Shule tuliachana kwa amani, yenyewe ikiwa imechoka na mimi nikiwa bado nina nguvu. Baada ya hapo nilifanya kazi jikoni melini, nikamenya viazi katika bahari ambazo wewe umeziona kwenye ramani tu, nikagombana na mabaharia kwa lugha sita na kupatana nao kwa lugha saba. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mshamba. Mitambo ninaijua, na mitambo inanijua.

Sasa shauri lenyewe.

Baba yangu, ambaye sote hapa tunamwita Mzee, alikuwa dalali wa mnada. Si dalali wa kunong'ona. Mzee aliweza kuliuza kabati lisilo na mlango, na mnunuzi akaenda zake akishukuru kwamba nguo zake zitapata hewa. Halafu kiharusi kikaja. Mguu umerudi, mkono unarudi, lakini maneno yamegoma. Anakutazama, unaona kabisa neno liko pale nyuma ya meno, linabisha hodi, halafu linatoka lingine, au halitoki lolote, naye anageuka kutazama ukuta. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake, Ndugu Mkurugenzi. Hebu fikiria mwenyewe.

Kwa bahati njema, kazi ya dada yangu mkubwa ndiyo hiyo hasa: kuwarudishia watu usemi. Kwa bahati mbaya anaifanyia mbali, katika hospitali ya nchi nyingine, na mkataba wake bado unamshika mguu. Alinipigia simu akasema, "Profesa, mdogo wangu, kila asubuhi mfundishe baba maneno nitakayokutumia, na urekodi somo zima. Nikisikia anavyovuta pumzi na mahali ulimi unapokwama, nitajua la kumpa kesho. Nisiposikia, nabahatisha. Na usizembee, maana maneno yasipoitwa miezi hii ya mwanzo, baadaye hayaitiki."

Mtasema nitume kwa simu. Nilituma. Simu inaikamua sauti kama ndimu, herufi za mwanzo zinaliwa njiani, na dada anazitaka hizohizo za mwanzo. Anataka sauti nzima, na pumzi zake zote.

Basi nikatandaza mtambo ambao hata nyinyi mngepiga picha nao. Juu ya kabati chumbani kwa Mzee nimeweka maikrofoni yangu bora, ile ninayowapa wageni rasmi tu. Chini yake nimeweka sanduku la mafaili, jeusi, lenye diski mbili tumboni, ambalo kila kinachoingia kwenye maikrofoni hulihifadhi lenyewe bila kuniuliza. Waya unatoka kwenye sanduku, unapita juu ya mlango, unaingia kwenye kiboksi cha mtandao, halafu unafika kwenye kompyuta yangu huku chumba cha mbele. Humo kwenye kompyuta sanduku linaonekana kwa jina la Z. Naligusa, linafunguka, mafaili haya hapa. Kompyuta yenyewe ina diski ndogo kama mfuko wa shati, na imeshajaa nyimbo za wateja.

Dada akanifungulia akaunti kwenu. Akanieleza kwamba nikiwaonyesha folda moja, programu yenu itaisawazisha yenyewe usiku na mchana, na kila kinachoingia huku kitatokea kwake kulekule hospitalini. Nikafurahi. Nikaiambia programu: folda ni hii, iko Z. Ikanijibu, bila hata salamu: "Mahali ulipochagua hapako kwenye kompyuta hii. Chagua folda nyingine."

Tangu siku hiyo napeleka kwa mkono, kupitia folda ndogo iliyo ndani ya kompyuta, rekodi chache tu, zile ambazo mwalimu, yaani mimi, anasikika vizuri. Zilizobaki zinalundikana ndani ya sanduku. Mzee anasubiri neno la kesho, dada anabahatisha, na nyinyi mnakunywa chai. Ndiyo maana naorodhesha malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Hilo neno "hapako". Naomba mtu wa ofisini kwenu aje anionyeshe ni wapi pengine. Sanduku nimelinunua mimi, nimelibeba mimi, linakula umeme wangu, linalala chini ya paa langu, na likipata joto linapepewa kwa feni yangu. Mnasema halipo hapa kwa sababu linafikiwa kwa waya wa mtandao. Vizuri. Mimi nikiwa huku chumba cha mbele nikamwita mke wangu aliye kwenye cherehani chumba cha pili, naye akaniitikia kupitia ukutani, je, nimwambie yeye si wa nyumba hii kwa sababu sauti yake imesafiri? Mwambieni nyinyi. Mimi bado nahitaji kula.

Hata hivyo nilijishusha. Nilidhani labda programu yenu inaona umbali. Nikalibeba sanduku hadi chumba cha mbele, nikaliweka juu ya kompyuta, likaikalia kama kuku anayeatamia, nikalifunga na kanga ili hata upepo usipite katikati. Waya nikatafuta mfupi, wa kiganja kimoja. Nikajaribu tena. "Hapako kwenye kompyuta hii." Ndugu Mkurugenzi, lilikuwa limeikalia!

2. Kudharau mamlaka halali. Nilipoona mnataka ushahidi wa ukaazi, nilifanya kile ambacho raia yeyote mwenye akili hufanya: nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Mwenyekiti ni mtu makini. Aliniuliza jina la mkazi, nikamwambia ni Z. Aliniuliza tabia, nikamwambia ni mkimya, ila hunguruma kidogo. Akaandika: "Namthibitisha Ndugu Z kuwa ni mkazi wa nyumba hii, hana fujo, asaidiwe popote afikapo." Akagonga muhuri, tena ule mkubwa. Nikaipiga picha barua hiyo, nikaiweka ndani ya ile folda ndogo mnayoikubali nyinyi, ili programu yenu ijisomee.

Haikuisoma. Iliichukua ikaipeleka mawinguni kama ilivyo, ikatua kwa dada yangu akiwa katikati ya kazi. Akapiga simu anahema. "Profesa! Ndugu Z ni nani? Mmempangisha chumbani kwa baba?" Nikamweleza kwamba ni sanduku. Halafu akasema, "Mdogo wangu, ulipokuwa melini, kuna kitu kilikuangukia kichwani?" Aibu hiyo mmenipa nyinyi.

3. Kupokea kwa mkono mmoja na kunyima kwa mwingine. Nikawa mpole tena. Nikatengeneza njia ya mkato, ile alama ndogo yenye mshale, inayoelekea kwenye folda ya Z, nikaiweka ndani ya folda yenu. Safari hii programu ikafurahi! Ikaweka alama ya kijani, ikasema kila kitu kimesawazishwa. Nikamwita Mzee kwa furaha, nikampa mkono, nikamnunulia na soda. Kumbe mlichopeleka ni ule mshale peke yake. Dada akaubonyeza huko aliko, hakuna kitu. Akaniambia, "Umeniletea mlango, nyumba umeiacha huko." Sasa nawauliza: kama mlijua ni mlango mtupu, ile alama ya kijani ilikuwa ya nini? Mtu mzima hasifiwi kwa kazi ambayo hakuifanya. Mimi hilo nalijua sana, kwa sababu mara nyingi nimesifiwa hivyo na moyoni nikajisikia vibaya kwa muda mfupi.

4. Lalamiko hili mke wangu amelisoma juu ya bega langu na kuniamuru nilifute. Nimelifuta. Nitagusia tu kwamba msaidizi wenu wa mtandaoni, anayejiita rafiki yangu ingawa hatujawahi kula pamoja, aliniambia nizime kila kitu kisha niwashe upya. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Aliposema kila kitu, nilikwenda kwenye swichi kuu nikazima nyumba nzima. Cherehani ya mke wangu ni ya umeme. Ilikuwa katikati ya mkono wa gauni la bibi harusi, na mke wangu akiwa ndani ya hasira tayari kwa mambo mengine. Yaliyosemwa baada ya hapo ndiyo niliyoyafuta. Nyumba iliwaka upya. Sanduku bado mnalikana.

5. Kunisukuma kwenye njia za giza. Shemeji yangu, yaani mdogo wake mke wangu, ni fundi wa simu, na mdomo wake hauna breki. Alikuja akanikuta nimelala kifudifudi juu ya meza. Akasema, "Shemeji Profesa, mbona unalilia mashine? Niache nitengeneze folda ya kiini macho. Kwa nje itaonekana iko ndani ya kompyuta yako, lakini ukiingia unatokea ndani ya sanduku. Programu haitajua. Ni mstari mmoja tu wa amri."

Nikamkatalia. Nikamwambia, "Shemeji, mimi si mtu wa njia za panya. Sanduku langu litaingia kwa mlango wa mbele, kwa jina lake, kichwa juu." Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Kichwa chake kiko wapi?" Mke wangu naye akadakia kutoka chumba cha pili, "Mwache mwenzio, anatafuta haki za binadamu za boksi." Haya ndiyo maneno ninayovumilia ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa ajili ya msimamo. Watu waaminifu kama mimi tumebaki wachache, na nyinyi badala ya kututunza mnatusukumia kwenye viini macho.

Kutokana na hayo yote, nikiwa na akili zangu timamu na nimekwishakula, nadai yafuatayo.

Kwanza, programu yenu imtambue Z kuwa ni wa hapa, na imwombe radhi. Radhi hiyo inaweza kuandikwa kwenye kidirisha kidogo, sihitaji sherehe, ingawa spika ninazo.

Halafu mbadilishe sheria yenu yote. Iandikwe kwamba chochote kilichounganishwa na waya kwangu kiko kwangu. Msiniambie waya mrefu ni tofauti na mfupi, nyuzi za ndani ni zilezile. Na mkishakubali hilo, kubalini na linalofuata: waya unaotoka kwenye kiboksi changu cha mtandao unapita ukutani, unapanda nguzo, unaondoka mtaani, unavuka mpaka, unazama baharini, unaibuka, na mwisho wake unaingia hospitalini, mezani kwa dada yangu. Yaani dada yangu na sanduku wako kwenye waya mmoja. Sanduku likiwa hapa, na dada yuko hapa. Na kama dada yuko hapa, basi hajaondoka, hakuna mkataba unaomzuia, na Mzee akiita saa yoyote binti yake yupo. Naomba mthibitishe jambo hili kwa maandishi, mkigonga muhuri, nami nitamsomea Mzee barua hiyo polepole. Najua mtasema hayo ni makubwa kwa kampuni ya mafaili. Lakini ni nyinyi mlioanza kuamua nani yuko hapa na nani hayupo. Mimi nimemalizia tu.

Mkikataa, sitakwenda mahakamani. Nitaleta spika zangu zote mbele ya ofisi yenu na kuwachezea sauti ya msaidizi wenu wa mtandaoni akisema "Je, nimekusaidia?" mpaka mhame.

Nawasalimu wote hapo ofisini: wenye viti vinavyozunguka na wenye viti vya kawaida, wapishi wa chai, walinzi wa getini, na yule aliyeandika neno "hapako", ambaye naamini ana mama yake mahali fulani. Mke wangu anawasalimu, ingawa kwa shingo upande. Shemeji anawasalimu kwa kicheko. Mzee amenyanyua mkono. Nimechukulia kwamba ni salamu.

Ni mimi ninayesimama upande wa sanduku mpaka haki ipatikane,

PROFESA
Fundi wa Vipaza Sauti, Mwalimu wa Usemi wa Mzee, na Mwakilishi wa Ndugu Z.

Nyongeza (tafadhali isomwe kabla ya barua yenyewe):

Nilipotoka kwenda kutafuta bahasha, shemeji alikaa kwenye kiti changu, mke wangu akamsimamia mlango, na ule mstari mmoja ukaandikwa. Programu yenu ilimeza kiini macho bila kutafuna. Z yote ikapanda mawinguni, faili kwa faili, siyo zile nilizochagua mimi tu. Na kwa kuwa mimi huwa naondoka somo likiisha bila kuzima maikrofoni, zilipanda na zile saa ambazo Mzee amebaki na mke wangu, anayehamia humo na kazi yake ya kushona mkono kwa sababu kuna mwanga mzuri.

Dada amepiga simu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Katika masomo yangu, Mzee anasema neno moja, tena kwa kulazimishwa. Nikishatoka mlango ukafungwa, anafungua mnada. Na bidhaa ni mimi. Amenisikilizisha mwenyewe kwa simu, sauti ileile ya zamani, inapanda inashuka: "Haya, nani anamtaka kijana huyu! Mkubwa kwa umbo! Kelele zipo, chakula anakula! Anaanza nani? Jamani, hamna? Nateremka! Na spika zake natia juu!" Halafu mke wangu anasikika akisema, "Mzee, mimi nilishanunua, nataka kurudisha," na Mzee anamjibu papo hapo, neno juu ya neno, "Kikishatoka sokoni hakirudi, mama!" Sentensi nzima, Ndugu Mkurugenzi. Halijakwama hata neno moja. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeingia na orodha ya maneno, angenyamaza."

Dada ameamuru masomo yangu yakome mara moja. Kuanzia sasa ni mnada kila asubuhi, na mimi nisimame katikati ya chumba kama bidhaa, nisiseme kitu.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, pamoja na lile lililofutwa. Programu yenu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sanduku hilo si la hapa, sijui limetoka wapi, na barua ya mwenyekiti ilitolewa kwa makosa. Nawasihi mlikatae tena upesi, kwa sababu dada ameshawasikilizisha wenzake wa hospitali nzima, na sasa wageni nisiowajua wananitumia bei.

Leo asubuhi nilisimama. Mzee akanizunguka na fimbo yake, akanisifia meno, akaniponda miguu, akaita bei. Shemeji akataja ya kwake, kubwa tu, kwa utani. Mzee akanitazama, kisha akamgeukia shemeji na kutikisa kichwa.

"Huyu hauzwi," akasema. "Namwonyesha tu."